Kula Kisumu: umlipe mwongozaji, ujitafutie, au umngoje shemeji?

Nimekula Kisumu kwa njia tatu. Safari ya kwanza nililipia ziara ya chakula: kijana mwenye kofia ya ukindu alituzungusha wageni saba kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana. Safari ya pili nilijiendea mwenyewe, nikitegemea pua yangu na dereva wa tuktuk. Ya tatu nilichukuliwa na shemeji, mke wa kaka yangu, mzaliwa wa Nyalenda, mtaa wa mji huo huo, ambaye mpaka leo hajanisamehe kwa zile mbili za mwanzo. Umlipe mtu akuonyeshe samaki na sisi tupo?

Mimi ni wa Nakuru. Kila likizo ikikaribia, hakosi mtu kazini wa kuniuliza kama ziara hizo zina faida au ni mbinu ya kumnyonyoa mgeni. Nami humuuliza: unakwenda kwa siku ngapi, na una nani kule? Mwenye siku moja asiye na mwenyeji hawezi kupewa jibu moja na mwenye siku nne na shemeji.

Pesa ya ziara inanunua nini

Ukipiga hesabu ya chakula peke yake, ziara ni hasara, wala usijidanganye. Mimi nilitoa shilingi 3,500. Nilichotia tumboni siku ile ni robo ya ngege (tilapia), vijiko viwili vya omena, wale samaki wadogo wa kuanikwa, tonge mbili tatu za ugali wa mtama, mboga za kuonja, sambusa moja na chai. Vyote hivyo ningevinunua mwenyewe kwa elfu moja na chenji ikabaki. Tena kuonja si kula. Saa nane tulipoagana, nilivuka barabara nikanunua chapati mbili na maharagwe.

Basi hizo elfu mbili na ushei zilikwenda wapi? Nilidhani nalipia lugha, kwa sababu ndivyo ziara hizi zinavyoundwa, iwe Kisumu au Lisbon: kundi dogo, saa chache, vituo vitano sita, na mtu wa kumfasiria mgeni asiyeweza hata kuomba chumvi. Katika kundi letu walikuwamo Waholanzi wawili. Kila muuzaji akisema neno, mwongozaji anawageuzia. Mimi nilikuwa nimeshasikia, nimeshajibu, nimeshacheka, nangoja tu wao wafikiwe. Nusu ya asubuhi nililipia huduma niliyozaliwa nayo.

Hapo ndipo msomaji wa Kiswahili anapopaswa kuanzia. Mzungu akinunua ziara ananunua ulimi, macho na usalama kwa pamoja. Wewe ulimi unao. Swali lako ni kama yale mengine yanafikia bei hiyo.

Lakini tulipofika kwenye samaki, nami nikawa bubu.

Dunga, saa moja na nusu asubuhi

Ufuo wa Dunga, kwenye Ziwa Victoria, uko kilomita chache kusini mwa mji, pembeni ya kinamasi cha mafunjo. Mitumbwi huingia asubuhi, na wanaoipokea ni wanawake wenye beseni. Biashara yao hufanyika kwa Kijaluo, upesi na kwa sauti ya chini, na mgeni akisogea na Kiswahili chake safi bei humsogelea pia. Hapa mwongozaji wetu alianza kustahili pesa yake. Alimsalimia mama mmoja kwa jina, wakaulizana habari za watoto, kisha yule mama akatufungulia beseni na kutueleza alichokuwa nacho kana kwamba tumetumwa na ukoo wake.

Alitufundisha kumkagua samaki: jicho liwe angavu na limetuna, shavu likifunuliwa liwe jekundu, ukimbonyeza kwa kidole nyama irudi. Akatuonyesha ngege wa ziwani na ngege wa kufugwa kwenye vizimba, ambavyo siku hizi vimejaa majini. Wa tatu hakuwepo ila kwa sifa mbaya: yule wa barafu anayetoka China kwa kontena. Mchuuzi mwenye haya hamleti ufuoni, lakini mjini unaweza kumla usijue.

Mtu wa Mwanza akisoma hapa atashangaa mbona nashangaa. Ziwa ni lile lile. Ngege ndiye sato wake, mbuta ndiye sangara, omena ndiyo dagaa. Mtu huyo hahitaji kufundishwa samaki, anahitaji orodha ya majina tu, naye nimempa bure. Wa Mombasa au wa Nakuru ni habari nyingine. Sisi tumezoea samaki aliyekwisha kufika, hatujui alikotoka.

Mbuta, kwa mfano. Nilikuwa nimemla miaka mingi nikidhani ni mwenyeji wa ziwa tangu Adamu. Kumbe aliletwa, akapandwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akawala fulu na samaki wadogo wengine mpaka aina nyingi zikatoweka. Leo minofu yake hukatwa viwandani na kusafirishwa nje. Kibofu chake cha hewa, ambacho Tanzania huita bondo, huuzwa China kwa bei ya kushangaza. Mifupa yenye kichwa na vipande vya nyama vilivyosalia hurudi mtaani, hukaangwa mafuta yakichemka, huitwa mgongo wazi. Jina limejieleza: samaki aliyevuliwa shati. Ni chakula cha mtu asiyefikia bei ya samaki mzima, na ni kitamu, hasa shingoni. Ziara yetu ilipita kando ya meza ya mgongo wazi bila kusimama. Niliuliza kwa nini, mwongozaji akasema wageni huwa hawapendi mifupa. Nilikiweka kichwani.

Kisha omena. Huvuliwa usiku kwa taa, huanikwa juani. Iliyoanikwa juu ya nyavu ni safi. Iliyomwagwa mchangani itakusaga meno hata ukiiosha mara saba. Mwongozaji alichukua konzi mbili kutoka marundo mawili, akazisugua viganjani, moja ikaacha vumbi la mchanga. Somo la dakika moja, na tangu siku hiyo sijanunua omena Nakuru bila kuisugua. Kama unapanga safari kwa ajili ya omena mbichi, kumbuka kwamba kila mwaka kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai Kenya hufunga uvuvi wake ili izaliane. Ziara nyingi zitaendelea kukutangazia omena hata wakati huo, nawe utapewa ya gunia.

Kutoka Dunga tulirudi mjini, tukanywa chai ya masala na kula sambusa karibu na Mtaa wa Oginga Odinga. Nilidhani ni kituo cha kujazia muda. Lakini hapo ndipo kijana alipotukumbusha kwamba Kisumu yenyewe ilianza kama mwisho wa reli, 1901, ikiitwa Port Florence, na kwamba Wahindi walioijenga reli na wale walioifuata kwa biashara walifungua maduka na majiko ambayo ladha yake haijaondoka. Sambusa ile nilishaila mara mia maishani bila kuiuliza swali.

Nawe ukitaka kujua kama mwongozaji anafaa, msikilize kwenye jambo dogo kama sambusa. Kwa ngege kila mtu ana hadithi.

Kujitafutia

Safari ya pili nilisema: nimeshafundishwa, sasa najua. Nikapanda tuktuk nikamwambia dereva anipeleke mahali pazuri pa samaki. Akanipeleka mahali pazuri kweli, penye viti vya mito, ziwa linaonekana, na muziki. Nikaagiza ngege bila kumwona na bila kuuliza bei. Alikuja mkubwa kama mkoba wa shule. Bili nayo ikaja kwa ukubwa huo huo, na nilipolalamika nikaambiwa kwa upole kwamba samaki hupimwa kwa saizi, mimi nikasema kubwa. Nilikuwa nimesema kubwa. Hilo siwezi kulikana.

Kosa lilikuwa langu, na dawa yake ni rahisi: amka uende jikoni au kwenye meza ya kioo, mchague samaki wako kwa kidole, mpatane bei kabla hajaingia mafutani. Useme pia unamtaka vipi, mkavu wa kukaangwa tu, au wa kukaangwa kisha akaingizwa kwenye mchuzi wa nyanya na kitunguu. Mkavu akishakaangwa haombi radhi kwa uzee wake. Mchuzi nao huweza kuficha mengi. Mimi siku hizi mahali nisipopajua huagiza mkavu.

Kesho yake nilimpata dereva mwingine, nikabadilisha swali. Sikuuliza mahali pazuri. Nilimuuliza, "Wewe saa saba unakula wapi?" Aliniangalia kwenye kioo, akacheka, akasema, "Jaduong', huko hakuna kiti." Kiti kilikuwepo, benchi la mbao. Nilikula ugali, omena na mboga ya osuga kwa shilingi 150, nikanawishwa mikono kwa maji ya moto na mama aliyenihesabu kama mmoja wa wateja wake wa kila siku. Kwa bei ya ziara ile ningekula pale zaidi ya mara ishirini.

Hiyo ndiyo faida ya kujiendea: unashiba, unakaa unavyotaka, unarudi ulipopapenda. Hasara yake ni kwamba unakula usichokijua jina. Mboga zilinitesa. Kwenye sufuria tano za mama yule nilitambua mbili. Osuga ni mnavu, hiyo naijua kwa uchungu wake. Apoth ni mrenda, unaoteleza. Dek, ambayo wengine Kenya huiita saga na wengine mgagani, niliidhania kuwa mchicha uliokaa sana. Na mitoo sikuiuliza kabisa, kwa sababu foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu. Mama wa kibandani mchana hana nafasi ya kumfundisha mtu.

Kuna hatari nyingine ya kujitafutia, nayo ni ushauri uliochacha. Kwa miaka mingi kila mtu aliyeulizwa samaki wa Kisumu alijibu Lwang'ni, vile vibanda vya ukingoni mwa ziwa vilivyojiita "nzi" kwa Kijaluo bila kuona haya. Vibanda hivyo viliondolewa wakati bandari ilipokuwa ikifufuliwa, lakini ushauri wenyewe bado unazunguka. Nilimkuta jamaa kutoka Eldoret akizunguka pale na simu mkononi akitafuta meza ya mwaka aliooa. Mwenyeji au mwongozaji anajua mama gani alihamia wapi. Simu yako haijui.

Kwa shemeji

Hapa sitakuwa mwadilifu, kwa sababu anaweza kuisoma.

Chakula cha nyumbani hakina mshindani, na sababu yake ni muda. Osuga ya kibandani imepikwa asubuhi. Ya shemeji ilikuwa siku ya tatu. Ilichemshwa, ikachujwa, ikatiwa maziwa, ikapashwa tena jioni, ikaongezwa maziwa tena kesho yake, mpaka uchungu ukalainika ukawa kitu kingine kabisa. Nyama ilikuwa aliya, iliyokaushwa juani kisha ikarudishwa kwenye uhai kwa moto wa polepole na samli. Ugali ulikuwa wa mtama na muhogo, mweusi, mzito, unaokaa tumboni mpaka kesho. Hakuna ziara ya saa saba inayoweza kukuuzia kitu kilichopikwa kwa siku tatu.

Ila nyumbani nako pana bei. Huendi mikono mitupu: sukari, mkate, mafuta, na soda za watoto. Hukai saa moja. Huwezi kuonja ukaacha, na sahani ya pili haiulizwi, huwekwa. Kama ulipanga kwenda kuona soko la Kibuye jioni, samehe. Na utakula kile walichoona kinamfaa mgeni, ambacho kwa kawaida ni kuku. Nilikaa siku mbili nikimwomba shemeji kamongo, yule samaki mrefu anayeweza kupumua hewa na kujichimbia matopeni ziwa likikauka, akakataa katakata. Kamongo ampikie mgeni? Watu watasemaje? Kwa hiyo kamongo nililazimika kumtafuta mwenyewe, na nyama yake ni ngumu kidogo, tamu, haifanani na samaki hata kidogo.

Ukiziweka pamoja

Kwa muda, ziara inashinda. Saa saba zilinipa ufuo, soko, mji na historia ambavyo peke yangu vilinichukua siku mbili, na bado nikakosa vingine. Kwa tumbo na mfuko, kibanda kinashinda mbali. Kwa ladha, nyumbani, na hapo sina mjadala.

Soko lina hoja yake. Kibuye, kwenye barabara ya kwenda Kakamega, hufurika Jumapili. Watu hutoka vijijini na mboga, nafaka, kuku, vyungu. Ndiyo siku ya kuona chakula cha magharibi yote ya Kenya mahali pamoja, pamoja na munyu musherekha wa Waluhya, ile chumvi ya majivu yaliyochujwa inayolainisha mboga. Mwongozaji wangu Jumapili alikuwa kanisani, na shemeji pia. Kibuye nilikwenda peke yangu, nikaibana simu mfukoni, na sikuona haja ya mtu. Soko la wazi halihitaji kufunguliwa mlango.

Ukiwa na watoto, ziara ya kutembea itakuua. Wangu wa miaka sita angeishia kituo cha pili. Chukueni tuktuk, mle samaki mmoja mkubwa mezani, basi. Ukiwa Mwislamu, samaki hakusumbui, lakini kwenye ziara useme mapema juu ya nyama, na uulize kama kuna kituo cha busaa, pombe ya kienyeji, maana waongozaji wengine hukiweka kama jambo la kuchekesha wageni. Mlo kamili utaupata katika hoteli zilizo karibu na Msikiti wa Jamia.

Mwanamke anayesafiri peke yake aliniuliza juzi angechagua kipi. Nilimwambia ajiendee mchana bila wasiwasi, na kama anataka kuona machweo ufuoni, basi hapo amtafute mwongozaji au aende na mwenyeji. Si kwa sababu ya watu tu. Jioni viboko huwa karibu, na kiboko hajui kuwa wewe ni mtalii.

Ukishaamua kulipia, uliza kabla ya kutuma pesa. Mko wangapi? Zaidi ya kumi mtakuwa mnasikia mgongo wa mtu. Chakula kimo kwenye bei, au mnalipia kila kituo? Ana leseni ya mwongozaji kutoka mamlaka ya udhibiti wa utalii? Siku ya mvua, au gugu maji likiwa limefunga ufuo kama linavyofanya Ghuba ya Winam mara kwa mara, mnakwenda wapi badala yake? Na muulize kituo cha chakula cha mchana ni wapi. Akikutajia hoteli yenye viti vya mito, ujue kuna anayempa kitu kidogo kwa kila kichwa anachopeleka. Si dhambi, ila wewe ndiwe kichwa.

Mwezi wa nane nilirudi na rafiki wa Nairobi mwenye siku moja tu mkononi. Nilimpigia yule kijana wa kofia ya ukindu, nikamwambia sitaki ziara nzima. Nataka Dunga asubuhi na chai ya mjini, saa nne unatuachia. Alinyamaza, akapiga hesabu, akasema elfu moja na mia tano kwa wote wawili, lakini chakula chake cha mchana nikilipie mimi.

"Utakula wapi?" nikamuuliza.

Akatupeleka kwenye meza ya mgongo wazi, ile ile aliyotupitisha mbio mara ya kwanza. Mama alimjua kwa jina la utani. Alituwekea vichwa vitatu na ugali wa kuvunja kiuno, na kijana akaivua kofia yake, akaiweka kando ya benchi, akaanza kula kwa mikono miwili bila kutueleza chochote.